Miguu ya Umeme ya Mzee Maganga

Ofisi ya kuwasaidia watu wasioweza kupanda ngazi ilikuwa ghorofa ya pili, na jengo lenyewe halikuwa na lifti. Shimo la lifti lilikuwepo, lakini mwenye jengo alikwisha kuligeuza stoo ya kreti za soda. Watu wa Nyasubi, mtaa wa mji wa Kahama, walikizoea kichekesho hicho hadi wakaacha kucheka. Inspekta Otmar naye hakucheka. Alisimama chini ya ngazi akiwa na gunia begani, na ndani ya gunia mlikuwa na miguu ya marehemu.

Haikuwa miguu ya nyama. Ilikuwa vyuma viwili vyepesi vya kufunga kuanzia pajani hadi unyayoni, kila kimoja na mota yake gotini, pamoja na mkanda wa betri wa kuvaa kiunoni. Mzee Maganga, mchimbaji aliyevunjika mgongo machimboni na kubaki na miguu isiyo na nguvu, alipewa vyuma hivyo na mradi wa pale juu, akafundishwa kupanda ngazi upya kama mtoto. Juzi alfajiri alikutwa chini ya ngazi hizo hizo amekufa, shingo imevunjika, vyuma viko miguuni.

Selo alikuwamo mkwewe, Adam. Mlinzi wa jengo alikuwa amesema kwamba siku chache kabla ya kifo aliwasikia wawili hao wakigombana juu ya mahari. Adam mwenyewe tangu akamatwe hakufungua kinywa. Mkuu wa upelelezi alitaka jalada lipelekwe kwa mwendesha mashtaka kesho yake, kosa la kuua kwa kukusudia, na adhabu ya kosa hilo haina mjadala. Ni kitanzi.

Otmar angeacha yaishe, maana alikuwa na majalada mengine yanayomlilia mezani. Lakini asubuhi hiyo alimkuta Martina, binti wa Maganga na mke wa Adam, amekaa kwenye benchi la kituo na tumbo lake la miezi ya mwisho.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mama. Pole sana kwa msiba."

"Nishapoa. Afande, wanasema Adam alimuua baba kwa ajili ya mahari. Mahari gani? Ng'ombe walifika wote, na wengine wameshazaa. Baba aliwapokea mwenyewe, akatamka mbele ya wazee kuwa hatudaiani." Alijishika kiuno. "Baba nimemzika jana. Na mume wangu nimzike? Nirudishie, afande. Mtoto huyu asizaliwe hana babu, hana baba."

Otmar alikuwa mtu wa Ushirombo, mkavu wa maneno, aliyezoea kuombwa asichoweza kutoa. Safari hii alijikuta ameahidi. "Nitaangalia," alisema, na kwa askari yeyote anayejua kazi yake neno hilo ni ahadi kubwa.

Ndiyo maana sasa alikuwa mbele ya Mageni, mlinzi, mzee mwenye koti la mvua wakati wa kiangazi. Koplo Evance, aliyeandika maelezo ya mlinzi huyo, alisimama kando akitafuna kijiti.

"Wangaluka, afande. Habali za kazi?"

"Wangaluka, mzee wangu. Nataka unirudie maneno ya ule ugomvi. Usinisimulie. Nipe maneno kama yalivyotoka."

"Sikurara siku hiyo, afande, nasikia vizuri kabisa gete. Kijana alimwambia mzee, 'Mahari penyewe unapajua wewe peke yako, nami sitachoka kukuuliza.' Mzee akasema, 'Niache, mkwe wangu, utaniua.' Basi."

Otmar aliinua mkono. "Penyewe? Au yenyewe?"

"Penyewe."

"Na alisema unapajua, au unaijua?"

"Unapajua. Mahari ni mahari, afande. Kila mtu ana mahari pake."

Otmar akamgeukia koplo wake taratibu. Evance alikitoa kijiti mdomoni.

"Wewe uliandika nini?"

"Niliandika 'mahari yenyewe unaijua', afande. Nilimnyooshea Kiswahili. Si unajua wazee wetu hawa."

Otmar aliwajua. Kinywani mwa Mageni herufi l na r zilikuwa zikipeana viti tangu utotoni, na koplo, Msukuma wa mjini mwenye aibu ya lafudhi ya nyumbani kwao, alikuwa amemsahihisha mzee palipokuwa sahihi. Adam hakugombea mahari. Aligombea mahali. Kijana wa watu alikuwa amekaa selo kwa sababu ya usafi wa sarufi, na Otmar alimtukana Evance tusi moja fupi la Kisumbwa ambalo koplo hakulielewa, ikawa heri kwake.

"Mahali gani?" aliuliza.

Mageni alitikisa kichwa. Hilo hakulisikia.

Basi Otmar akapanda na gunia lake. Zipora, mtaalamu wa mazoezi tiba aliyemfundisha Maganga kutembea, aliipokea ile miguu kwa mikono miwili na kuilaza mezani kama mgonjwa. Alikuwa mwanamke mfupi, macho mekundu, na hakuficha kuwa alikuwa akilia.

"Nataka kujua kama kifaa chako kimemwua," Otmar alisema.

"Vaa," Zipora alijibu.

"Mimi?"

"Una goti bovu, afande. Nimekusikia unavyopanda."

Alitoa kabatini kifaa cha mazoezi kilichofanana na kile cha Maganga, akamfunga chuma kimoja mguuni na mkanda kiunoni, wakatoka hadi kwenye ngazi. Otmar akaweka unyayo kwenye daraja, akaegemea mbele. Kitu fulani chini ya unyayo kilisikia uzito wake, mota ikanguruma kidogo, na goti likanyooshwa kutoka ndani, kama mtu aliyekuja kukushikia gunia upande wa pili. Alipanda daraja la pili, la tatu. Aliona aibu jinsi alivyofurahi.

"Maganga alilia hapo hapo uliposimama," Zipora alisema. "Aliniambia tangu aumie alikuwa anapandishwa kama kreti. Sasa anapanda mwenyewe."

"Betri ikiisha?"

"Haikuangushi. Goti linakaza, linakushusha polepole mpaka ukae. Hata mota ikiungua ni hivyo hivyo."

"Hakuna linaloweza kulilegeza ghafla?"

"Liko moja." Alipita nyuma yake. Otmar alihisi kidole kikibonyeza juu ya makalio, plagi ikazungushwa, ikavutwa. Mguu ukawa wa uji. Angevingirika hadi kwa Mageni kama asingedaka reli.

"Waya wa nyuma, wa kulegeza magoti wakati wa kumvua mtu," Zipora alisema, akimshika mkono. "Uko huko ili mvaaji asiuguse kwa bahati mbaya. Jaribu."

Otmar alipeleka mkono mgongoni, akajinyonga bega, hakuufikia. Zipora alirudisha plagi na kuizungusha hadi ikalia. "Ikishafungwa hivi, hata ukiizamisha kwenye ndoo maji hayaingii. Na ya Maganga juzi ilikutwa imefungwa. Kwa hiyo si kifaa, afande. Ningependa kiwe ndicho, ungemwachia yule kijana. Lakini sicho."

Ukaguzi ulielekea kuishia hapo, hadi Zipora aliporudi mezani, akageuza chuma kimoja cha Maganga na kupitisha ukucha kwenye bawaba ya kifundo. Ukatoka na tope kavu la kijivu.

"Hili si vumbi la Nyasubi," alisema. "Vumbi letu ni jekundu."

Otmar alilisaga kati ya vidole viwili. Lilikuwa laini, na chembe zake zilimeta. Tope la namna hiyo halipatikani juu ya ardhi. Linapatikana ndani, kwenye miamba, kule watu wanakozama kutafuta dhahabu.

Duara, yaani shimo la dhahabu, alimoumia Maganga lilikuwa nje ya Segese, kwenye kilima kilichotobolewa hadi kikabaki mashimo matupu. Msimamizi wake, Mwigulu, bonge la mtu mwenye kofia ya chuma iliyopasuka, aliwapokea Otmar na Evance kwa maneno mengi ambayo hayakuulizwa.

"Duara limefungwa, afande. Tangu liporomoke mwaka juzi hazami mtu humu. Uliza yeyote."

Otmar hakuuliza yeyote. Alipiga magoti kwenye mdomo wa shimo na kumulika tochi. Magogo ya matimba, yale yanayokingamana ukuta kwa ukuta na kuwa ngazi ya wachimbaji, yalishuka moja baada ya jingine hadi mwanga ukachoka. Kwenye gogo la juu kulikuwa na mikwaruzo mipya. Alitoa chuma kimoja kwenye gunia, akaweka soli yake juu ya mkwaruzo. Ikakaa sawasawa.

Mwigulu akakaa chini.

"Gashi, kumbe mmejua," alisema.

"Tujulishe tuliyobakiza."

"Baba yake Adam amelala humu, afande. Eliya. Duara lilipoporomoka walikuwa wawili chini, yeye na Maganga. Maganga alipanda, akiwa karibu na mdomo gogo likamvunja mgongo, tukamvuta nje. Eliya hakutoka. Chini vichochoro ni vingi, na mahali alipobaki Eliya alipajua Maganga peke yake. Adam alitaka mifupa ya baba yake akaizike nyumbani. Mtu hawezi kulima shamba la baba ambaye hana kaburi."

"Na Maganga alikataa kumwonyesha."

"Alikuwa anasema amesahau. Halafu siku ile jioni wakaja wote, mzee amevaa miguu yake ya umeme, anacheka kama bwana harusi. 'Leo nampeleka mkwe wangu kwa baba yake.' Tukamshusha kwa kamba. Wakati wa kupanda akaikataa kamba. Alisema, 'Miguu hii nimepewa ya kupandia.'"

"Adam alikuwa wapi?"

"Chini yake, anamkinga. Mzee mbele, kijana nyuma."

"Halafu?"

"Nikasikia kishindo."

"Adam alipiga kelele?"

Mwigulu alifikiri. "Hapana. Kimya, nkoi, ndugu yangu. Niliita mpaka koo likauma, ndipo akasema mzee kateleza. Tukamvuta na kamba, keshakufa. Mimi nikamwambia amwondoe hapa, serikali ikisikia watanifukia duara. Yale ya kumlaza chini ya ngazi za mjini aliyawaza mwenyewe."

Otmar alisimama akajipangusa magoti, na kwa mara ya kwanza tangu juzi kifua chake kilikuwa chepesi. Mambo yalikuwa yamenyooka. Mzee aliteleza kwenye gogo, vyuma vilivyotengenezwa kwa ngazi za saruji vikashindwa na matimba ya mviringo. Kijana akaogopa, akauhamisha mwili. Hilo ni kosa, na atalilipia, lakini si la kitanzi. Njiani kurudi Kahama alipiga mluzi wimbo wa kanisani, hadi Evance akamtazama kwa wasiwasi.

Lilibaki jambo moja la kukamilisha. Wakili yeyote wa serikali angeuliza: kama goti hukaza lenyewe, mzee alianguka vipi? Otmar alitaka Zipora amwandikie kwamba tope lilikorofisha mota. Alipanda tena ngazi zile, goti likimuuma, akaweka gunia mezani.

Zipora alijaribu mota zote mbili, zikanguruma vizuri. Akabonyeza plagi ya waya wa nyuma, akaizungusha, akaivuta, akaichungulia ndani. Alimsogezea Otmar.

Ndani ya soketi, kule ambako hata maji ya ndoo hayafiki, kulikuwa na tope la kijivu. Lilikuwa limeshindiliwa na meno ya plagi, na alama za meno zilionekana.

"Ilifunguliwa kwenye tope," Zipora alisema polepole. "Kisha ikafungwa."

"Haiwezi kuchomoka kwa kishindo?"

"Ubonyeze, uzungushe, uvute. Nilikuonyesha."

"Yeye mwenyewe?"

"Na hilo nilikuonyesha, afande."

Kitambaa cha kufutia kilikuwa pale mezani, kati yao. Kilikuwa kibichi. Otmar alikitazama, na alipoinua macho akaona Zipora naye anakitazama. Kufuta ingekuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Alimfikiria Martina kwenye benchi lile. Halafu akachukua mfuko wa vielelezo, akatia plagi ndani, akaufunga, na alijichukia kwa kila kitu alichokuwa anakifanya kwa usahihi.

Adam aliletwa chumba cha mahojiano amevuliwa mkanda na viatu. Alikuwa kijana mrefu, mwenye viganja vya jembe. Otmar alimsomea onyo, kwamba halazimiki kusema lolote, kisha akaweka mfuko mbele yake.

"Ulichomoa waya, Adam. Alipokufa ukaurudisha."

Adam aliugusa mfuko kwa ncha ya kidole.

"Alinionyesha baba," alisema. Sauti ilikuwa imechacha kwa kukaa bila kutumika. "Amekaa ameegemea ukuta. Saa yake iko mkononi. Hakuna jiwe lililomwangukia, afande. Niliuliza, mbona hana jiwe? Mzee akasema tupande kwanza."

"Mkapanda."

"Tukafika kati. Mota zinalia, anapanda vizuri, mimi namsukuma. Akaanza kuongea bila kugeuka. Akasema, 'Mkwe wangu, maji na vifusi vilipokuja, nilikuwa hapa hapa. Baba yako alikuwa hapo ulipo wewe. Alinishika mguu. Gogo lilikuwa linalia, lisingetubeba wawili. Nikampiga teke. Halafu akawa ananiita kutoka kichochoro kile, mimi napanda.'" Adam alinyoosha mkono mbele ya uso wake. "Waya ulikuwa mbele ya macho yangu. Nilibonyeza, nikazungusha, kama nilivyofundishwa na dada Zipora ili nimsaidie nyumbani. Nikajibana ukutani. Akapita."

Nje ya dirisha mtu alikuwa akifagia ua wa kituo. Otmar alitaka kulia, na hakulia kwa sababu tu Evance alikuwa ameshika kalamu.

"Usiandike bado," alimwambia koplo, kisha akainama mezani. "Nisikilize, mwanangu. Ulipata habari ya kifo cha baba yako, hapo hapo, kutoka kwa mtu aliyemwua. Ukapandwa na hasira. Sheria inalijua hilo. Ukilisema mbele ya jaji kama ulivyolisema hapa, inaweza kuwa kuua bila kukusudia. Utafungwa, utatoka, mwanao atakuona. Usiposema sababu, wanakunyonga."

"Najua."

"Basi sema."

"Yule ni baba yake Martina. Amemzika kwa heshima, watu wamemlilia. Nikisema, namfukua."

"Martina ameniomba nikurudishe nyumbani."

"Nikirudi na hilo kichwani, nitamwangaliaje? Nitamwangaliaje mtoto, akichukua sura ya babu yake?" Alisukuma mfuko ukarudi upande wa Otmar. "Andika kwamba nimemwua. Sababu sina. Ukiandika nyingine, mahakamani nitasema umetunga."

"Atakuchukia mpaka anaingia kaburini."

"Achukie mmoja," Adam alisema. "Wawili watamshinda."

Otmar alimbembeleza, akamfokea, akambembeleza tena. Mwisho alimwashiria Evance, naye koplo akaandika mistari michache, safari hii bila kunyoosha neno. Adam aliweka dole gumba kwenye wino kwa utulivu wa mtu anayemaliza kazi. Askari wakamrudisha selo.

Martina alikuwa bado kwenye benchi, hotipoti ya chakula cha mumewe mapajani. Alipomwona Otmar alijaribu kuinuka, tumbo likamrudisha chini.

"Amesema?"

"Amekiri, mama."

Hakupiga yowe. Alikaa akiitazama hotipoti kana kwamba ilikuwa ya mtu mwingine, na vidole vyake viliendelea kubana mfuniko ambao ulikwisha kubanwa.

"Kwa nini?"

"Hakutoa sababu."

"Haiwezekani. Baba alimpenda kuliko alivyonipenda mimi. Siku ile alivaa vyuma vyake huku anaimba. Akaniambia, 'Martina, leo namwambia Adam jambo ambalo hata padri sijamwambia. Akinisamehe, nitalala usingizi.'" Aliinua uso. "Ni jambo gani hilo, afande?"

"Sijui, mama," Otmar alisema.

Martina alimtazama, na Otmar akaona kabisa kwamba hakuaminiwa. Mwanamke akashika ukuta, akainuka, akashuka vidaraja vya kituo kimoja kimoja, hotipoti mkononi, wala hakukubali kushikwa mkono.